Barua za Nairobi na Vitabu vya Hadithi

(Maneno haya yalisemwa na wasomaji kutoka mitaa ya Eastlands, Nairobi, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotoka mashambani.)



Tumeitwa kusema habari za vitabu tulivyovisoma. Tunajua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mbuzi wa maziwa na za kuhifadhi maji ya mvua, na hayo yatasemwa baada ya chakula na watu wanaoyafahamu. Sisi tumepewa saa hii ya kabla ya chakula, saa ambayo msemaji akirefusha maneno tumbo la msikilizaji humjibu. Tutajaribu.

Kati yetu hakuna mwalimu, wala hatukusomea uandishi. Sisi ni kikundi cha akiba cha watu 18 kutoka Jericho, Makadara, Kaloleni na Pumwani: wauza mboga, fundi wa cherehani, dereva mmoja, askari wa usiku, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, na vijana waliomaliza kidato cha nne wakabaki nyumbani. Tukishatoa mchango wa juma na kuandika daftari, tunasoma riwaya kwa muda wa saa moja. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza, huku huyu anafuma kitambaa na yule anakatakata sukuma wiki ya jioni. Kama kitabu ni cha Kiingereza, msomaji anasoma ukurasa halafu anatusimulia kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo tulivyomaliza vitabu sita tangu mwaka jana, na cha saba tumekifikisha katikati.

Sasa kwa nini tuwasumbue watu wa mashambani na riwaya za Nairobi? Sababu ni hii. Nyinyi hupokea barua kutoka Nairobi. Zamani ilikuwa karatasi ndani ya bahasha, siku hizi ni ujumbe wa simu na pesa kidogo nyuma yake. Barua hiyo husema nini? Husema, sisi huku tu wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Mwezi ujao, maneno yale yale. Hakuna anayeandika kwamba amehama chumba mara tatu kwa mwaka mmoja, ama kwamba mume amebadilika, ama kwamba ile kazi aliyowaambia ni ya ofisi ni ya kusukuma mkokoteni Gikomba. Si ati watu ni waongo. Mtu hataki mama yake akose usingizi. Lakini tuliposoma hizi riwaya tuliona jambo moja: waandishi wameandika yale ambayo barua haziandiki. Hilo ndilo tulilokuja kusema.

Tuanze na kitabu tulichokipenda kuliko vyote. Kinaitwa Coming to Birth, kiliandikwa na Marjorie Oludhe Macgoye na kutolewa mwaka wa 1986, na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Sinclair kule Uingereza. Ni habari za msichana anayeitwa Paulina. Ana miaka 16, ni mjamzito, na anapanda gari la moshi kutoka Kisumu kuja Nairobi kwa mumewe Martin. Mwaka ni 1956. Wazee waliopo hapa wanajua mwaka huo maana yake nini. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Miaka miwili kabla, Aprili 1954, serikali ya mkoloni ilikuwa imewazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mjini katika ule msako ulioitwa Operesheni Anvil, na Mwafrika bila karatasi za ruhusa alikuwa mashakani kila pembe ya barabara.

Martin amepanga chumba Pumwani. Paulina hajakaa sana mimba inaharibika, anapelekwa hospitali ya Pumwani. Anapotoka anajaribu kurudi nyumbani peke yake, na anapotea njia. Mji ni mgeni, nyumba zote zinafanana, lugha haijui. Hapa akina mama wetu wa Majengo walianza kubishana, huyu akisema alikata kushoto mahali fulani, yule akisema hapana, hapo wakati huo hapakuwa na barabara. Msomaji akalazimika kuwanyamazisha. Maana kilichofuata ni kwamba Paulina alipofika nyumbani hatimaye, Martin alimpiga.

Mmoja wa wazee wetu akasema, sasa na yeye Martin angefanyaje, mke mgeni amepotea katika mji kama huu, si angeogopa? Wanaume wawili watatu wakacheka kidogo. Basi kulikuwa na mama mmoja ambaye kwa kawaida hukaa kimya na uzi wake. Akasema, "Rudia hapo." Msomaji akarudia ule ukurasa, Kiingereza na Kiswahili. Mama akasema, "Rudia tena." Ikasomwa mara ya tatu. Baada ya hiyo ya tatu hakuna aliyecheka. Msichana wa miaka 16, ametoka kupoteza mtoto, damu bado, anapigwa kwa kosa la kutojua njia. Juma lililofuata yule mama alikuja na mdogo wake, aliyekuwa ameletwa mjini kuolewa, akamketisha mbele kabisa karibu na msomaji. Hatukuuliza kitu.

Mwandishi mwenyewe alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Southampton mwaka wa 1928. Mwaka wa 1954 alikuja Nairobi kufanya kazi ya kuuza vitabu katika misheni ya CMS, na mwaka wa 1960 akaolewa na daktari Mjaluo akawa mtu wa hapa mpaka alipofariki Nairobi mwaka wa 2015. Tulipoanza, baadhi yetu walinuna: Mzungu atajuaje maisha ya chumba kimoja Pumwani? Kufika nusu ya kitabu swali hilo lilikuwa limekufa lenyewe. Anajua bei ya vitu. Anajua mke akikosa mtoto majirani husema nini, na anajua pia kwamba Martin alipotafuta wanawake wengine nao hawakumzalia, ingawa kwa hilo hakuna aliyemnyooshea kidole.

Na sasa sikilizeni, maana hapa kitabu kinawafikia nyinyi. Paulina anarudi Nyanza na kuingia katika mafunzo ya kazi za nyumbani pale Kisumu, halafu anakuwa kiongozi wa vilabu vya akina mama. Mtakumbuka Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka wa 1952, na miaka hiyo vilabu vya namna hiyo vilikuwa vimeenea sehemu nyingi: kushona, kutunza mtoto, kupika, usafi. Wengi husema mambo hayo yalikuwa madogo, ati kufundisha watu kufuma vitambaa vya meza. Lakini tazameni Paulina. Anapata mshahara wake. Anapata kitanda chake. Anajifunza kusimama mbele ya watu na kusema. Huyu msichana aliyepotea Pumwani kwa kutojua kuuliza njia sasa ndiye anayewaonyesha wengine njia. Sisi tulilishangilia jambo hilo kuliko mapenzi yoyote yaliyomo kitabuni.

Hatutawasimulia yote. Lakini kuna mahali pazito lazima tupataje. Paulina anapata mtoto wa kiume kwa mwanamume mwingine, na sisi kama watu wa kanisa tulizungumza juu ya hilo kwa muda na hatukukubaliana. Kabla hatujamaliza kubishana, mtoto akafa. Ni tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta amekuja Kisumu kufungua hospitali, kuna fujo, askari wanafyatua risasi kwenye umati. Hilo ni jambo lililotokea kweli, na watu waliuawa kweli. Katika kitabu risasi moja inampata mtoto wa Paulina. Msomaji wetu alifunga kitabu, na siku hiyo chai ilinywewa kabla ya wakati wake. Yale mabishano ya mtoto ni wa nani hatukuyarudia.

Baadaye Paulina anarudi Nairobi kufanya kazi katika nyumba ya mbunge, na polepole anaanza kusema anachofikiri. Kitabu kinaishia mwaka wa 1978. Martin amerudi, na Paulina ana mimba tena. Kama mtoto huyo atazaliwa salama mwandishi hakutuambia, na akina mama wengine wamemkasirikia mpaka leo.

Kitabu cha pili ni Going Down River Road cha Meja Mwangi, cha mwaka wa 1976. Hiki, ndugu zetu, kina matusi. Kijana wetu aliyekuwa akisoma alikuwa akiruka maneno, na yule mzee wa reli, ambaye Kiingereza anakijua vizuri, kila mara alikuwa akikohoa na kusema, "Umeruka, kijana." Tukaamua aruke tu, na mzee akakiazima akakisoma mwenyewe nyumbani.

Ni habari za Ben na Ocholla, vibarua wa mjengo. Wanajenga ghorofa refu katikati ya mji, nalo jengo linaitwa Development House, yaani Nyumba ya Maendeleo. Jina lenyewe ni mzaha. Wajenzi wa hiyo Nyumba ya Maendeleo wanalala katika vibanda bondeni kwenye mto wa Nairobi, na askari wa jiji wanakuja kuvichoma, na watu wanavijenga tena. Ben alikuwa akiishi na mwanamke aitwaye Wini mwenye mtoto mdogo. Wini akaondoka na bwana wake wa kazini, Mzungu, akamwacha mtoto kwa Ben. Hebu fikirini: kibarua, mlevi, hana chumba, ameachiwa mtoto asiye wake. Ben hamfukuzi. Anamlaani usiku na mchana, lakini hamfukuzi. Sisi tulisema huyu mtu ana dini asiyoijua.

Lakini kwa habari ya barua tutazame Ocholla. Ocholla ana wake zake nyumbani na watoto wengi. Mshahara wake unakwisha kwenye chang'aa siku ile ile anapoupokea. Huko nyumbani wanangoja, na kungoja kunakuwa kurefu, na mwisho wanachoka. Wanafunga mizigo wanakuja, wake na watoto wote, wanatokea pale kwenye kibanda cha mbao na makaratasi. Siku tuliposoma hapo kulikuwa na kicheko kikubwa, kwa sababu kila mtu wa Eastlands amewahi kuona jambo kama hilo katika ploti yake: gari la usiku limefika Machakos Country Bus alfajiri, na saa moja asubuhi shangazi na watoto watatu wako mlangoni na kuku ndani ya kikapu. Lakini dereva wetu hakucheka. Alisema, fikirini walivyokuwa wakimfikiria Ocholla njiani. Walifikiri wanakwenda kwenye nyumba.

Mwandishi huyo huyo ana kingine kiitwacho The Cockroach Dance, cha 1979, na hicho tunawaambia msisome mkiwa mnakula. Mende wametembea kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kijana aitwaye Dusman Gonzaga, kazi yake ni kusoma mita za kuegesha magari, anaishi katika jumba bovu liitwalo Dacca House. Mwenye nyumba anaitwa Tumbo Kubwa. Huyo Tumbo Kubwa amegeuza kila tundu kuwa chumba cha kupangisha, hata bafu. Kuna mtu anaishi ndani ya bafu na mkewe na mtoto wao mgonjwa, na majirani hawamwiti kwa jina, wanamwita Mtu wa Bafuni.

Nyinyi mna taabu zenu mashambani, mvua na mbolea na mpaka wa shamba. Lakini labda hamjui ploti ni nini. Ploti ni vyumba kumi au ishirini vinavyotazamana, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe unasema afya. Bomba moja la maji uani. Choo kimoja au viwili, na ufunguo unaning'inizwa kwenye kipande cha mti ili usipotee. Kodi inalipwa tarehe tano, na tarehe sita keteka anabisha mlango. Mtu anaweza kuishi hapo miaka minane na asijue jina la pili la jirani. Katika kitabu, Dusman anaishi hivyo hivyo kwa muda mrefu, anawachukia majirani zake, hataki hata kuwaangalia. Ni mwishoni ndipo anawaza: huyu Tumbo Kubwa tunayemwogopa ni mmoja, na sisi ni jumba zima. Anaanza kwenda mlango kwa mlango, na wapangaji wanakubaliana kugoma kulipa kodi.

Kuhusu mgomo huo tulijadiliana wiki mbili. Mama muuza mboga alisema ni ndoto, katika ploti yake hawawezi kukubaliana hata zamu ya kufagia choo. Fundi wa cherehani alisema ndiyo maana kikundi cha akiba kinatakiwa kuanza kwanza: watu walioaminiana kwa shilingi mia moja wanaweza kuaminiana kwa jambo kubwa zaidi. Tunaona fundi alikuwa na hoja. Dusman alikurupuka na mgomo wakati watu hawajawahi hata kunywa chai pamoja.

Sasa vijana. Vijana wetu hawakutaka Paulina wala Dusman, walitaka John Kiriamiti. My Life in Crime kilitoka mwaka wa 1984, na hakuna mtaa wa Eastlands ambako hakijasomwa mpaka majani yakatoka. Kiriamiti alikuwa mwizi wa benki kweli, alikamatwa mwaka wa 1971, akahukumiwa, akaandika kitabu chake akiwa gerezani, akaachiliwa mwaka wa 1984. Kinasomeka haraka kama matatu isiyo na breki. Ndiyo shida yake. Vijana waliokuwa wakisinzia wakati wa Paulina sasa walikuwa wamekaa wima, wakirudiarudia yale majina ya mitaani na jinsi gari lilivyotoroka. Mama mmoja ambaye mwanawe alipigwa risasi na polisi miaka iliyopita alitoka nje. Tukaacha kusoma siku hiyo.

Wasichana ndio waliotuondoa hapo. Walisema kuna kitabu cha pili cha mwandishi huyo huyo, My Life with a Criminal, cha mwaka wa 1989, ambacho ni habari zile zile zikisemwa na mpenzi wake, Milly. Milly hakuambiwa mumewe anafanya kazi gani. Anaona pesa, anaona safari za usiku, anaambiwa ni biashara. Tukasoma vyote viwili kwa zamu, juma hili kile cha mwanamume, juma lijalo kile cha Milly. Ikawa kila mara vijana wakifurahia wizi, juma linalofuata wanaletwa nyumbani kwa mwanamke anayengoja kando ya dirisha bila kujua. Yule mama aliyetoka nje alirudi kwa zamu za Milly. Zile zingine hakuja, na sisi hatukumlazimisha. Kama vikundi vyenu vina vijana na mnataka kusoma Kiriamiti, someni namna hiyo ama msisome kabisa.

Kitabu cha Kiswahili tulichosoma ni Shetani Msalabani cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa Kikuyu ni Caitaani Mũtharaba-inĩ, kilitolewa mwaka wa 1980, na kwa Kiswahili kilitoka mwaka wa 1982. Ngũgĩ alikiandika kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, na ni habari za kifo chake zilizotufanya tukitafute. Tuliona jina lake tukasita kidogo, kwa sababu tunasomea katika chumba cha kanisa na jalada linasema Shetani. Kasisi akakichukua kwanza. Alikaa nacho wiki tatu, akakirudisha kina alama za penseli pembeni, akasema, "Someni, lakini someni pia nilipoweka alama." Tulipotazama, alama zilikuwa ni pale ambapo matajiri wanasifu wizi wao kwa maneno ya Biblia.

Watu wa Jericho walifurahi kitabu hiki kwa sababu Wariinga, msichana mwenyewe, alikuwa mpangaji wa Ofafa Jericho. (Vijana wengi hawajui Ofafa ni jina la mtu. Ni Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka wa 1953.) Wariinga anafukuzwa kazi kwa kumkataa mkubwa wake wa ofisini. Anafika nyumbani, mwenye nyumba ameongeza kodi, anapokataa analetewa watu wenye nguvu kumtolea vitu nje. Kazi na nyumba vimekwenda pamoja, na anafikiria kujiua. Wangapi kati yenu mna binti anayetafuta kazi ya ofisi mjini? Wariinga angeandika barua gani nyumbani jioni hiyo? Angeandika, sisi huku tu wazima.

Baadaye anasomea ufundi na kuwa mekanika, mikono ya mafuta na yote, na mwanamume anayemdharau katika gereji anajuta. Sehemu ya katikati, karamu ya wezi na wanyang'anyi wanaoshindana kwa hotuba, sisi tuliiona ndefu. Mwizi wa kwanza anachekesha, wa pili anachekesha, ukifika wa nne unatazama saa. Lakini ukisomwa kwa sauti ni bora kuliko kusoma kimoyomoyo, na hapo kuna jambo zuri tulilolikuta katika maandishi ya Ngũgĩ mwenyewe. Anaeleza kwamba kitabu kilipotoka kwa Kikuyu, familia zilikusanyika jioni mmoja akiwasomea wengine, hata wale wasiojua kusoma. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula. Na kwenye vilabu vya pombe kulikuwa na wasomaji ambao wakifika mahali patamu walikuwa wakiacha kusoma na kuweka kitabu chini, mpaka mtu awajazie glasi. Sisi msomaji wetu hulipwa chai na mandazi mawili, na ameanza kujifunza hiyo tabia ya kusimama mahali patamu.

Cha saba, ambacho hatujakimaliza, ni Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka wa 1996. Vijana waliwahi kukisikia shuleni, wakubwa hawakukijua. Kijana aitwaye Kongowea amefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu kule Tanga, na anakuja Kenya kumtafuta baba yake. Kiswahili chake ni kizuri mno hata fundi wetu anaandika maneno kwenye chaki ya cherehani. Tukiwa tunakisoma hatuwezi kusahau kwamba mwandishi alifariki tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu kwenye barabara ya Landhies, pale karibu na Muthurwa, na jamaa zake walimtafuta siku kadhaa kabla ya kumpata. Barabara ile wengi wetu huivuka kila asubuhi. Mtu aliyesomwa na wanafunzi wa nchi nzima akalala katika mochari kama asiyejulikana. Hata kitabu hakina habari ya Nairobi kama hiyo.

Mtauliza vitabu tunavitoa wapi. Vingi ni vya mtumba, vinatandazwa kwenye gunia kando ya barabara, na vile vya shule vya zamani ni bei rahisi kama mwezi si Januari. Vingine tunaviazima. Nairobi kuna maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako huku kwetu Eastlands, na miaka hii ya karibuni yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Siku za likizo utakuta watoto wamejaa. Nyinyi hamna maktaba jirani, tunajua. Lakini kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti kinatosha watu ishirini, na hamhitaji stima ikiwa mnasoma kabla ya jua kutua. Kifunikeni na gazeti. Andikeni katika daftari nani amelala nacho. Chagueni msomaji mwenye sauti na asiyeona haya kusoma maneno ya mwanamke akiwa mwanamume. Watu wakitaka kubishana, waacheni wabishane, kitabu hakikimbii.

Na kuhusu barua. Mkimwandikia mtu wenu wa mjini, msimuulize kama ni mzima, maana jibu lake mnalijua. Muulizeni chumba chake kina dirisha upande gani. Muulizeni jirani yake wa kushoto anaitwa nani. Yule mama wa "rudia hapo" ndiye aliyetufundisha maswali hayo, anasema mtu hawezi kuyajibu kwa uongo bila kujikwaa.

Tumeleta nakala moja ya kile kitabu cha Paulina, tunaiacha hapa kwenu. Kurasa za mwanzo zimelegea, zimeshonwa kwa uzi na fundi wetu, kwa hivyo kifungueni polepole. Ni cha Kiingereza, atakayesoma awe na mtu wa kumsaidia kusimulia. Kikianza na kikundi kimoja, kikimaliza kikipe cha pili, na mkifika pale kwenye tarehe 25 Oktoba muwe na chai tayari. Mkitaka kujua tulivyobishana juu ya mwisho wake, tuandikieni kupitia ofisi ya kanisa. Akina mama wa Majengo wanangoja kusikia kama nyinyi mnafikiri yule mtoto alizaliwa.

Chakula kiko tayari, tunasikia harufu.